Mdomo Ulianza Kupinda Saa Ngapi?

Hotuba ya daktari kwa madereva wa bodaboda, familia zao na wauguzi, Morogoro. Imenakiliwa kutoka kwenye simu iliyorekodi; marudio yamepunguzwa, utani umeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Bwana mwenyekiti wa kijiwe na kamati yako, dada zangu wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja huku bila kulala, na ninyi vijana mliokubali kuzima pikipiki saa hizi ambapo mabasi yanamwaga abiria pale Msamvu: ahsanteni. Najua kila dakika ninayoongea kuna mtu anahesabu hela iliyompita. Nitajitahidi.

Mwenyekiti aliponialika aliniomba nizungumzie helmeti. Nikamjibu, mwenyekiti, helmeti trafiki wamewaimbia mpaka sauti zimewakauka. Niache nimzungumzie yule aliyepona. Mnamjua. Ameanguka, amezimia kidogo, kapelekwa hospitali, kapigwa picha ya kichwa, damu kwenye ubongo hakuna, siku ya tatu karuhusiwa. Kijiwe kizima kinamchangia soda. Wiki ya pili mke wake anaona chai inamtiririka kidevuni upande mmoja na mwenyewe hana habari. Au anashuka ngazi kashikilia ukuta kama babu yake. Au maharage yameungua, harufu imefika kwa jirani wa tatu, yeye kakaa palepale mlangoni anachezea simu. Tulimwambia kapona. Kumbe kuna waya umekatika na hakuna aliyeuangalia.

Nasema waya kwa sababu ninyi ni watu wa pikipiki. Pikipiki ikianguka, unaiinua, unapiga kiki, injini inawaka vizuri tu, lakini indiketa ya kushoto imekufa. Fundi anayejua kazi hafungui injini. Anaufuata waya mpaka pale unapopinda kwenye shingo ya usukani, au unapopenya kwenye tundu la chuma, kwa kuwa huko ndiko unakobanwa na kuchunika. Kichwa nacho ni hivyohivyo. Kwenye ubongo zinatoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, tunaiita neva za kichwa, zinazokwenda puani, machoni, usoni, masikioni, kooni, kwenye ulimi, mpaka begani. Zinatoka nje kupitia matundu kwenye mfupa wa fuvu, nyingine zinachangia tundu moja. Mfupa ukipasuka penye tundu, au ubongo ukitikiswa ukaivuta neva kwenye ukingo wa tundu, neva inaumia hata kama ubongo wenyewe hauna alama.

Galen, yule tabibu wa Kigiriki wa kale, alihesabu jozi 7. Hii hesabu ya 12 tunayoitumia ilipangwa mwaka 1778 na kijana wa Kijerumani, Samuel Thomas von Sömmerring, katika andiko lake la kuhitimu udaktari. Wanafunzi wetu wana mashairi ya kuzikariri kwa mpangilio, mengine hayasemeki mbele ya wakwe. (Vicheko.) Msiogope, leo hatukariri.

Sasa dada zangu wauguzi, nisaidieni. Mgonjwa wa ajali akifika tunampa alama. Anafungua macho? Anaongea? Anafuata maagizo? Chini kabisa ni 3, juu kabisa ni 15. Kipimo hiki kilitoka Glasgow, Uskoti, mwaka 1974, na kimeokoa watu wengi mno, sikisemi vibaya. Lakini kinauliza kama ubongo uko macho, basi. Mtu anaweza kupata 15 kwa 15 huku sikio moja halisikii, pua hainusi na nusu ya uso imelala. Tunaandika 15 kwenye faili, tunapiga mstari chini, tunaita mwingine. Hata kwenye ile PF3, fomu ya majeruhi mnayotoka nayo polisi, mara ngapi mmeona pameandikwa "jeraha la kichwa" na muhuri? Jeraha la kichwa ni kama kusema "ajali ya barabarani". Ajali gani? Barabara gani?

Ninayoyasema nayajua kwa sababu nimeyafanya. Miaka ya mwanzo ya kazi, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali nisiyoitaja, waliletwa wawili, dereva na abiria wake. Abiria mkono tu. Dereva alikuwa hajatulia, anapiga kelele, anavuta dripu, sikio la kulia linatoka damu. Nilifanya kama nilivyofundishwa: njia ya hewa, pumzi, presha, mboni za macho. Akalazwa usingizi kwa dawa, akawekwa mpira wa kupumulia, akapelekwa hospitali kubwa. Siku ya tano alipoamshwa, upande wa kulia wa uso ulikuwa hauna uhai. Daktari bingwa wa masikio akanipigia simu. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja: "Alipokuwa kwako anapiga kelele, uso ulikuwa unakunjamana pande zote mbili?"

Nikanyamaza. Yule mtu alinipigia kelele kwa muda mrefu, uso wake na wangu hata mkono mmoja haupiti katikati, na sikuwa na jibu. Kwenye karatasi niliandika "sikio la kulia linavuja damu". Nikaweka sahihi. Sahihi nzuri kweli.

Swali lile lilikuwa na uzito gani? Neva ya uso, ya 7 katika zile jozi, inapita ndani ya mfupa wa sikio, katika mfereji wa kama sentimita 3 hivi, na sehemu yake nyembamba kabisa haifiki hata milimita 1. Fikiria waya uliopitishwa kwenye bomba lisilo na nafasi. Mfupa huo ukipasuka, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, kipande cha mfupa kinaikata neva au kinaikandamiza palepale, na uso unalala dakika ileile ya ajali. La pili, neva haikukatika. Imevimba tu, uvimbe unaongezeka taratibu ndani ya bomba lisilopanuka, na uso unalala siku ya pili, ya tatu, hata wiki. Huyu wa pili wengi wao wanarudi vizuri bila kisu. Huyu wa kwanza ndiye anayehitaji bingwa afikirie, tena mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo, kama neva ipimwe kwa umeme na kama mfupa ufunguliwe.

Kwa macho, siku ya tano, hao wawili wanafanana kabisa. Mdomo umepinda vilevile, jicho halifungi vilevile. Kinachowatofautisha ni saa. Na saa ile ilipita mbele yangu mimi, usiku ule, nikiwa na kalamu mkononi.

Msiniulize yule dereva aliishiaje. Ni habari yake, si yangu kuisimulia hapa. Nimewaletea lile swali tu.

Sasa tuutazame uso. Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi kama aliyesikia bei ya petroli. (Vicheko.) Mwambie afumbe macho kwa nguvu, kama sabuni imeingia. Mwambie aonyeshe meno. Kama upande mmoja umelala kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, neva yenyewe imeumia. Kama paji la uso linakunja pande zote mbili ila mdomo ndio umepinda, tatizo liko juu zaidi, ndani ya ubongo, na hilo ni la kukimbiza zaidi. Hata aliyezimia nusunusu anaweza kukuonyesha: akibanwa kucha kidogo akaumia, uso unakunjamana. Angalia upande gani haukunjamani.

Halafu angalia nyuma ya sikio. Siku ya kwanza au ya pili panaweza kutokea weusi wa damu iliyovilia, bila ya kuwa aligongwa hapo. Ni dalili ya mfupa wa chini ya fuvu kupasuka. Inaitwa kwa jina la daktari wa upasuaji wa Kiingereza, Battle. Ukiona maji meupe au damu iliyochanganyika na maji yanatoka sikioni au puani, usizibe. Nimetoa kwenye masikio ya watu pamba, tishu, na siku moja kipande cha karatasi ya daftari la hesabu. Yale yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo. Ukiziba unayafungia pamoja na uchafu. Weka kitambaa safi nje, kinyonye tu. Mgonjwa asipenge kamasi. Na sisi wahudumu tusipitishe mpira puani kwa mtu wa namna hiyo.

Sasa jicho. Hapa nitasema pole pole. Uso ukipooza, kope haishuki. Jicho linakaa wazi mchana na usiku, na vumbi la barabara zetu mnalijua. Baada ya siku chache konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kinakauka na kuchubuka, kinaota kidonda, kinaweka kovu. Neva inaweza kurudi baada ya miezi mitano. Kioo kikishaweka kovu nani atakirudisha? Nimemwona mtu ambaye uso wake ulirudi, anacheka vizuri, na jicho lililokuwa zima siku ya ajali limekuwa jeupe. Si ajali iliyomtoa jicho. Lilikauka, na dawa yake ilikuwa matone ya machozi ya bandia mchana, dawa ya kupaka usiku na plasta ya kufunga kope wakati wa kulala. Msibandike pamba kavu juu ya jicho lililo wazi, inakwangua. Vutieni kope chini kwanza, ndipo plasta. Na kama shavu na jicho vimekufa ganzi pia, maana yake neva ya 5 nayo imeguswa, hali ni mbaya mara mbili: jicho linachubuka na mwenyewe halimuumi, kwa hiyo halalamiki.

Wapo watakaosema amepigwa kofi na shetani, au upepo mbaya umempitia. Kwetu tumekulia humo, sitajifanya sikuwahi kusikia. Sina ugomvi na dua. Ombeni dua, na jicho mlifunge. Ugomvi wangu ni na wembe: kuchanjwa shavuni hakuamshi neva, kunaacha makovu tu.

Neva ikikatika sehemu inaota tena, kama milimita 1 kwa siku. Ndiyo maana tunawaambia subirini miezi, na mnafikiri tunawafukuza. Tena ikiota, wakati mwingine nyaya zinakosea njia. Kuna mama muuza chapati, uso wake ulirudi baada ya nusu mwaka, lakini kila akitafuna jicho linatoa machozi. Zile nyuzi za mate zimekwenda kuunganika na tezi ya machozi. Sisi madaktari tunayaita machozi ya mamba. Mumewe kila jioni alikuwa anamwuliza, nani kakuudhi tena, na yeye anakula tu ugali wake. (Vicheko.) Walikuja wote wawili kliniki, nikawaeleza, wakaangaliana wakacheka mpaka foleni nje ikagonga mlango.

Tuhamie kwenye mboni. Hili mwenzenu mnaweza kumwokoa nalo palepale barabarani. Chukua tochi ya simu, mulika jicho moja halafu jingine. Mboni zote mbili zinatakiwa zisinyae, zilingane. Mtu ameanguka, akaamka, akaongea, akauliza hata nani atalipa taa ya pikipiki, halafu baada ya saa moja anasinzia, haamshiki vizuri, na mboni moja imekuwa kubwa, haisinyai: huyo damu inajikusanya ndani ya fuvu na inausukuma ubongo. Neva ya 3 ndiyo inayobanwa, na nyuzi zinazosinyaza mboni zinapita kwa nje ya neva hiyo, kwa hiyo ndizo za kwanza kulia. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Karatasi zitafuata. Lakini kama anaongea vizuri, ana akili timamu na mboni moja tu ni kubwa, pengine jicho lenyewe liligongwa. Bado apelekwe, na iandikwe.

Wakati una tochi mkononi, muulize anaona? Kila jicho peke yake. Pigo la ukingo wa nyusi, upande wa nje, linaweza kuumiza neva ya kuona, ya 2, na jicho likabaki safi kabisa kwa nje, jeupe, zuri, halioni kitu. Tatizo ni kwamba baada ya saa chache kope zinavimba kama andazi na hakuna anayethubutu kuzifungua. Wiki inapita. Siku uvimbe unashuka ndipo mtu anagundua ni kipofu wa jicho moja, na hakuna ajuaye tangu lini. Kwa hiyo kabla halijavimba: vidole vingapi hivi? Andika jibu.

Kuna jambo ninaloombwa sana na ndugu wa wagonjwa: "Dokta, mpige ile sindano ya kupunguza uvimbe." Wanamaanisha dawa za jamii ya steroidi. Zamani tulizitoa kwa imani tu. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa ulioitwa CRASH, watu wazima 10,008 wenye jeraha la kichwa, matokeo yakatoka mwaka 2004. Waliopewa dawa ile kwa wingi walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili. Wasiopewa asilimia 17.9. Dawa tuliyodhani inaokoa ilikuwa inaua. Kwa neva ya uso iliyolala kwa kuchelewa daktari anaweza kuamua kutoa vidonge vya jamii hiyo, baada ya kuutazama ubongo kwanza. Huo ni uamuzi wake mezani pake, si wa shangazi wodini, na wala si wa duka la dawa.

Kuona viwili viwili. Neva ya 4 ni nyembamba kuliko zote na ndiyo pekee inayotokea nyuma ya shina la ubongo, ikazunguka njia ndefu mpaka kwenye jicho. Kwa wembamba ule na safari ile, hata pigo dogo linaitingisha. Dereva mwenye neva hii iliyoumia anaona barabara mbili, moja juu ya nyingine. Akishuka ngazi hajui akanyage ipi. Ukimwangalia ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza jambo, ndivyo anavyozilinganisha. Ya 6 ikiumia, viwili vinakaa ubavu kwa ubavu, na jicho halitoki kwenda nje. Mwambie afumbe jicho moja: kama viwili vinakuwa kimoja, tatizo ni macho kutolingana. Wengi hujirudi ndani ya miezi. Kwa sasa kitambaa cha kufunika jicho moja, na pikipiki apewe mdogo wake. Kijana mmoja aliniambia, "Dokta, mimi nachagua ile barabara ya chini, naendesha vizuri tu." Nikamwambia, siku lori litakapokuwa kwenye ile ya juu utanikumbuka.

Pua. Nyuzi za neva ya kunusa zinashuka kupitia mfupa mwembamba wenye matundu kama chekeche, juu ya pua. Ukipigwa kisogo, ubongo unaruka mbele na kurudi, na zile nyuzi zinakatika kwenye matundu kama uzi kwenye wembe. Umepigwa nyuma, pua ya mbele imekufa. Mgonjwa hasemi "sisikii harufu". Anasema chakula hakina ladha, na mke anaanza kuulizwa kuhusu mapishi yake. Nyumba ngapi zimevunjika heshima kwa hili, mimi sijui, lakini nimesuluhisha mbili. (Vicheko.) Wengi harufu hairudi yote, lazima niwe mkweli. Na siku hizi tunapikia mitungi ya gesi. Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo umeongezwa kiwandani makusudi ili ukivuja ujue. Asiyenusa hajui. Huyo mtungi wake ukae penye hewa, na awepo mwingine nyumbani wa kunusa kabla ya kiberiti.

Sikio. Mtu anasema kichwa kinazunguka akigeuka kitandani tu, sekunde kadhaa, kinaacha. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana. Si kama chenu hiki. (Vicheko.) Pigo linavitoa mahali pake, vinatangatanga. Hili ni la furaha, kwa kuwa daktari au mtaalamu wa viungo anaweza kukizungusha kichwa chako kwa mpangilio maalum, dakika chache, vijiwe vinarudi. Ila ahakikishe kwanza shingo haijavunjika.

Na shingo ndiyo ya mwisho. Neva nne za mwisho, ya 9 mpaka ya 12, zinatoka chini kabisa ya fuvu, zimebanana, na zinashuka shingoni. Madaktari wawili wa Ufaransa, Collet mwaka 1915 na Sicard mwaka 1917, walieleza kupooza kwa zote nne kwa pamoja kutoka kwa majeruhi wa vita ile kuu ya kwanza. Sisi tunaziona kwa visu, chupa, mabati, na mifupa ya juu ya shingo iliyopasuka. Mwambie atoe ulimi: unaelekea upande uliokufa. Mwambie anyanyue mabega. Msikilize sauti. Na hapa nawasihi mama zangu na dada zangu mnaokuja wodini na chupa ya uji: kama sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au anakohoa kila akimeza mate, msimpe uji. Najua mmeuamkia alfajiri. Koo lake halijui kufunga mlango wa mapafu, na uji ule utakwenda kwenye mapafu. Mwiteni muuguzi kwanza.

Nimeahidi helmeti sitaisema, nitaisema kwa pumzi moja. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha kwa wapanda pikipiki inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iliyovaliwa, imefungwa mkanda. Ile inayoning'inia kwenye usukani inaulinda usukani. Na ukipakia mishikaki, abiria wawili kwa mkupuo, nani kati ya watatu anaivaa?

Sasa nataka kijana mmoja. Wewe wa jezi ya njano, njoo. Na wewe rafiki yake, toa simu. Maana jambo nililokuja nalo ni hili. Kila ajali ikitokea mnapiga video. Nimeziona, zinafika mpaka kwenye simu yangu kabla mgonjwa hajafika. Pikipiki iliyopondeka, damu, umati. Uso wa mwenzenu akiongea, hakuna. Mkiwa mmeshaita msaada, mmemlaza vizuri na shingo haichezwi, mpigeni video ya sekunde ishirini, usoni, kwa ridhaa yake kama anajitambua, kwa ajili ya daktari peke yake. Simu inaandika saa yenyewe. Ningekuwa na video kama hiyo usiku ule, ningelijibu lile swali.

Haya, rekodi. Kijana, unaitwa nani? Usilitaje kwa sauti, nong'ona tu, nataka nione midomo. Nyanyua nyusi. Fumba macho, zaidi, zaidi. Dada njoo ujaribu kuzifungua kope zake kwa vidole. Hazifunguki? Vizuri. Onyesha meno. Jaza mashavu hewa. Toa ulimi. Umenyooka. Nyanyua mabega, nitayakandamiza. Fuata kidole changu bila kugeuza kichwa: kulia, kushoto, juu, chini. Kimoja au viwili? Kimoja. Tochi: huku imesinyaa, huku imesinyaa. Nasugua vidole sikio hili, unasikia? Na hili? Fumba macho tena, ziba tundu moja la pua, hiki ni nini?

"Karafuu."

Tundu la pili?

"Karafuu bado."

Ni karafuu au kahawa, wauguzi, msitumie amonia wala dawa ya kuchua. Hizo zinachoma, na anayechomwa atasema amenusa wakati hajanusa. Na harufu haina haraka, ni ya wodini, si ya barabarani. Basi, kaa. Makofi kwake.

Rafiki, zima. Hapo juu ya video simu imeandika saa ngapi?

"Saa nne na dakika kumi na mbili, dokta."

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, uso wa huyu kijana ulikuwa unakunjamana pande zote mbili. Dada, iandike. Na wewe, hiyo usirushe kwenye grupu.